Nilipotumwa Kumtoa Robi Ziwani

Wale mnaonisimamisha kwenye mashine ya kusaga, na wewe Marwa uliyenivuta kando hata mazishini ili uniulize, nimechoka kujibu vipande vipande. Swali lenu ni lile lile. Mwita, ulitumwa ziwani ukamlete dada yako, ukakaa huko mpaka tukaanza kusema labda umezama, halafu ukarudi peke yako, uso umekunjamana kama mtu aliyetoka kuzika. Kulikuwa na nini? Basi vuteni viti. Nitayaeleza kwa mpangilio wake, na anayetaka kucheka acheke, kwani hata mimi nikiikumbuka safari ile huanza kwa kucheka, kisha ndipo moyo unaponiuma.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, magugu maji yalipoanza kulifunika ziwa. Dada yangu Robi alikuwa ameolewa na Odhiambo, fundi wa maboti kutoka upande wa Homa Bay, Mjaluo mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyopindwa na nyundo. Mahari ilikuwa imefika, baba ameridhika, na sisi hapa Ntimaru tuliamini Robi ana nyumba kama wanawake wengine. Kisha siku moja akapita mnunuzi wa mahindi kutoka Sori, akanywa uji kwetu, akasema bila ubaya wowote, "Mzee, binti yako nilimwona. Ako sawa. Anaishi kwa boti."

Baba hakuumaliza uji wake. Kwetu, kama mjuavyo, mwanamke aliyetolewa kwao bila kupewa nyumba hajaolewa, hata ng'ombe wawe wengi namna gani. Jioni ile aliniita.

"Nenda ukaone kwa macho yako," alisema. "Kama ni nyumba, mwache. Kama si nyumba, urudi naye pamoja na mtoto."

Hilo ndilo lililotiwa mikononi mwangu. Ndoa ya dada yangu ilingoja neno langu mimi, mtu ambaye hadi siku ile maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya josho la ng'ombe.

Ntimaru hadi Migori

Hakuna anayekwenda kwa dada yake mikono mitupu, kwa hiyo baba alinipa mbuzi. Alikuwa jike mweupe, mwenye tabia ya kuchunguza kila kitu kama mkaguzi wa shule. Tulipanda lori la ndizi, mimi juu ya mikungu, yeye katikati yake, na tulipofika Migori mwenye lori aliikagua mizigo yake kisha akaniangalia kwa jicho ambalo sitalieleza hapa.

Nilikuwa na njaa ya kuona kizunguzungu. Nikaingia hoteli ya mzee mmoja Mwislamu aliyehamia pale kutoka pwani, nikamfunga mbuzi kwenye nguzo ya mlangoni, nikaagiza chai na chapati. Mwenye hoteli alikuja mwenyewe akakaa mbele yangu. Akaniuliza habari za mvua, za malisho, za afya ya mifugo, kwa Kiswahili laini kama mtu anayekupaka mafuta mgongoni. Nilidhani amenipenda tu. Kumbe pale kila anayefunga mbuzi kwenye nguzo ile amekuja kumuuzia nyama, na ukishaongea naye huku unakunywa chai yake, mmekubaliana. Nilipotoka nilimkuta mchinjaji ameshakunja mikono ya shati.

"Bwana, huyu mbuzi ni wa dada yangu!" nikapiga kelele.

"Dada yako yuko wapi?" mzee akauliza.

"Ziwani. Anaishi ndani ya boti."

Alinitazama mimi, akamtazama mbuzi. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nimezaliwa kando ya bahari, na wazee wangu wote walikuwa mabaharia. Sijapata kuona mtu akimpeleka mbuzi chomboni akiwa na akili zake timamu. Niachie, nikupunguzie dhiki." Alicheka mpaka akaishika nguzo, lakini alimfungua mbuzi kwa mkono wake, akanifungia chapati mbili kwenye gazeti, akakataa malipo. Mara nyingi baadaye nilimkumbuka mzee yule, kwani alikuwa amesema kweli.

Migori hadi Sori

Kutoka Migori nilipata lori la omena, wale dagaa wa ziwani, lililokuwa likirudi tupu. Lori la omena halirudi tupu kabisa. Linarudi na harufu, na harufu ile ilinipanda kichwani hata nikaanza kuwahurumia samaki. Kabla ya kufika Macalder tulizama kwenye tope, magurudumu yakizunguka tu. Wanaume tulikata matawi, wanawake wakatuelekeza, na kila aliyepita kwa baiskeli alisimama akatoa shauri lake kisha akaenda zake.

Tulikaa pale mpaka jua likapinda. Mama mmoja mchuuzi wa omena alifungua ndoo yake akatugawia nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na chumvi ya kutosha. Aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nilipomtaja Robi, uso wake ukafunguka.

"Yule Mkuria wa boti? Aa, huyo ni mtu wetu! Wewe ni ndugu yake kweli kweli, ama ndugu wa kusema tu?"

"Tumenyonya titi moja, mama."

"Basi sikia, nyathi mama, mtoto wa mama. Huyo dada yako hana maneno. Ukimuuliza habari, anakuambia 'tunaishi'. Sasa wewe ndio ujue kama hiyo ni nzuri ama ni mbaya."

Nililichukulia neno lile kuwa ni porojo za njiani. Tulifika Sori kukiwa bado na mwanga, na ziwa likanitokea lote kwa mara moja, halina ng'ambo. Nilitaka kurudi nyumbani saa ile ile.

Boti la Odhiambo lilikuwa limefungwa mwisho wa bichi, maana hivyo ndivyo watu wa kule wanavyoita mahali maboti yanapotia nanga. Alikuwa ameunganisha maboti mawili ya zamani ya kuvulia mbuta, wale samaki wakubwa, kwa mbao nene, akatandika sakafu juu yake, akajenga chumba. Kuta zilikuwa za mikeka ya mafunjo, na paa la mabati. Mbele palikuwa na jiko, nyuma pana mlingoti na tanga la viraka vya magunia. Katikati, akiwa amefungwa leso kiunoni na ncha yake kwenye nguzo, alikaa mtoto wa kike akilisha kuku. Huyo ndiye Akinyi, mpwa wangu, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona.

Robi alinitambua kabla sijasema kitu. Aliruka majini na nguo zake, yakamfika magotini, akaja akanikumbatia. Alilia, na mimi nililia, na mbuzi naye akalia kwa sababu alikuwa ameyaona maji.

"Baba mzima?" aliniuliza kwa Kikuria.

"Mzima."

"Amekutuma."

Hakuuliza, alisema tu.

Sori hadi Nyandiwa

Usiku ule sikulala, nikishikilia ukuta wa mkeka kana kwamba ungeniokoa. Asubuhi Odhiambo alinikuta nimekaa nimekumbatia mlingoti.

"Shemeji, wachilia hiyo mti," alisema. "Haiendi mahali bila wewe."

Kisha, tukinywa chai ya rangi, alinieleza mambo ambayo sisi huku hatukuwa tumeelezwa. Alikuwa na kaka mkubwa, Ouma, aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi wakati Odhiambo bado anachunga mbuzi, na hakurudi kujenga.

"Kwetu mkubwa ndio anajenga kwanza," alisema. "Mimi nikijenga kabla yake, nimemruka. Hiyo si mchezo, shemeji. Mtoto anaweza kuwa mgonjwa bila daktari kujua ni nini. Sasa nitafanya aje? Nimeoa, bibi hawezi kulala chini ya mti. Nikafikiria, nikaona kwa maji hakuna mkubwa wala mdogo. Nikajenga hapa."

"Na Ouma?"

"Amerudi!" Meno yake yote yalionekana. "Ameletwa na kustaafu. Anajenga sasa, na baba ametuita wote. Tunaenda Homa Bay na hii boti. Twende na wewe, uone watu wetu, halafu uamue vile umetumwa uamue."

Kwa hiyo naye alijua. Nikaona aibu kidogo, nikasema nitakwenda.

Tulifuata ufuko wa Gwassi kuelekea kaskazini, milima ikiwa kuliani kwetu, tukisimama kila bichi yenye boti bovu. Hivyo ndivyo walivyoishi. Odhiambo alishuka na randa na nyundo, akaziba nyufa kwa nyuzi za pamba, akapiga ubao mpya, akalipwa samaki, au unga, au mbao. Maranda yote aliyaleta botini ndani ya gunia, na hayo ndiyo yaliyopika ugali. Majivu ya jikoni yalikwenda kwenye ndoo ya choo, kijiko kimoja kikubwa kila mara, na ndoo ile ilipojaa Robi aliipeleka bara na kuizika kwenye shamba la mtu waliyeelewana naye. Vichwa vya samaki walipewa kuku. Mbolea ya kuku iliingia kwenye madebe ya sukuma wiki yaliyopangwa pembeni mwa chumba. Mvua ilishuka kutoka mabatini hadi kwenye pipa kwa mfereji wa bati, na pipa likikauka Robi aliteka maji ya ziwa akayapitisha kwenye mtungi wa mchanga na makaa, kisha akayachemsha. Juu ya paa kulikuwa na kibao cha sola kidogo kama sinia, na betri kuukuu ya gari iliyowasha taa moja na redio ya habari. Hakuna waya uliofika pale, wala bomba, wala mwenye nyumba wa kumgongea mtu mlango.

Mimi ni mtu wa kuona makosa, mnanijua. Lakini nilikuwa nikiyatazama mambo yale nikitikisa kichwa kwa kuyapenda. Hapa kwetu tunatupa zaidi ya wanavyomiliki.

Mbuzi ndiye aliyeharibu. Siku moja, pale Nyandiwa, sote tulikuwa tumeshuka kumsaidia Odhiambo kupindua boti, na tuliporudi sukuma wiki yote ilikuwa imeliwa hadi vishina. Alikuwa amesimama katikati ya madebe, ametulia, na jani moja limebaki mdomoni. Robi aliyatazama madebe yake kwa muda mrefu. Nilingoja anitukane, na ningestahili. Badala yake alianza kucheka, cheko lile lile la zamani la kupumulia puani, alilokuwa akicheka tulipokuwa tunachunga ng'ombe mlimani na mimi nikaanguka kwenye kinyesi. Nilikuwa nimelisahau kabisa cheko lile. Kwa siku nyingi zilizofuata tulikula omena bila mboga, na mimi niliyekuja nikiziba pua nikaanza kuomba niongezewe mchuzi.

Kuzunguka Rusinga

Anayekwenda Homa Bay kwa maji hupenda kupita Mbita, kati ya bara na kisiwa cha Rusinga. Lakini pale wameshajaza mawe na udongo wakatengeneza njia ya magari, hakuna boti linalopita. Ilitubidi tuzunguke kisiwa chote, na upepo nao ulikuwa na siku zake. Ukivuma tulikwenda, ukinyamaza tulikaa. Odhiambo hakugombana nao hata mara moja.

Nisiwafiche, siku zile za kuzunguka Rusinga ndizo ninazoziota. Alfajiri ndege weupe walitua paani. Robi alikoroga uji, Akinyi alinipanda mgongoni na leso yake kiunoni, Odhiambo akisukuma kwa pondo pale penye kina kifupi huku akiimba chini chini. Kisiwa cha Mfangano kilikaa nyuma yetu kwenye ukungu. Hakuna aliyenituma popote. Nilijifunza kusokota nyuzi za kuzibia nyufa, nikajifunza kufua nguo ubaoni bila kuidondosha sabuni ziwani. Jioni mimi na Robi tulikaa mbele, miguu ikining'inia, tukaongea Kikuria. Tulikumbuka marehemu mama, yule fahali mwekundu aliyemkimbiza mwalimu, na mvua iliyotukuta mtoni. Nilikuwa nimempoteza dada yangu tangu alipoolewa, kwani mtu akiolewa mbali unabaki na jina lake tu, na sasa nilikuwa nimempata tena.

"Maisha haya ni mazuri," nilimwambia jioni moja.

"Tunaishi," alisema, akainuka kwenda kuangalia kamba.

Moyoni nilikuwa nimeshaamua. Ile ilikuwa nyumba, tena nyumba bora kuliko yangu. Ningerudi nimwambie baba hivyo, na hadithi ingeishia hapo.

Mlangoni pa Homa Bay

Tulipoingia ghuba tuliuona mlima wa Asego, umechongoka juu ya mji, tukashangilia. Kati yetu na mji palikuwa na uwanja wa kijani, mpana, wenye maua ya zambarau, mzuri kama shamba la mtu mwenye bidii. Mbuzi aliutazama kwa matumaini makubwa. Odhiambo alitoa matusi kwa Dholuo ambayo Robi alikataa kunitafsiria.

Yalikuwa magugu maji. Yamesukumwa na upepo yakaufunga mlango wote. Tulijaribu kuyapasua kwa panga na pondo. Ukikata hapa, yanafunga kule. Nyuma yetu nako upepo ukaleta mengine, na kufikia mchana tulikuwa katikati, kama mende ndani ya ugali.

Tulikaa humo. Mji tuliuona. Tuliwasikia mbwa wake na honi za malori yake. Unga ulipungua. Samaki hawakupatikana, kwani nyavu zilijaa mizizi tu. Majirani zetu walikuwa viboko, na mmoja alikoroma karibu na ukuta wangu hata nikaungama dhambi ambazo sikuwa nimezitenda. Nilitarajia Robi naye ataogopa. Aliketi tu, mkono mmoja juu ya Akinyi, akisikiliza. Kila nilipozinduka alikuwa vile vile.

Odhiambo alihofia jambo jingine. "Ouma anaweza kujenga bila mimi," alisema. "Halafu watasema nilikataa kuja. Watasema nina wivu."

Hatimaye upepo ukageuka, magugu yakajitenga yenyewe kama pazia. Tulipita haraka kwa makasia na tanga, wote tukivuta, hata mimi. Tulifika ufuko wa kwao, nje kidogo ya mji, tukiwa tumechoka, tumekonda, na tunanuka.

Ufukoni

Ukoo wote ulikuwa umeshuka kutupokea, maana tanga la magunia lilionekana kutoka mbali. Ouma alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya pwani na haya nyingi. Baba yao, mzee mwembamba wa fimbo, alisimama kando ya maji na kunisalimia kwa heshima ya mkwe. Na kulikuwa na shangazi yao, dada wa mzee, mama mfupi wa sauti kali, ambaye hakungoja kusaidiwa. Alipanda botini akaanza kuchungulia. Aliona jiko. Aliona kitanda. Alifunga mlango, akaufungua tena. Kisha akasimama mbele akaita.

"Ndugu yangu, panda uone kazi ya mtoto yako!"

"Nimeona kutoka hapa," mzee akajibu.

"Si ni boti tu? Panda!"

Mzee hakusogea. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sielewi kwa nini. Odhiambo alikuwa ameinamisha kichwa. Ouma ndiye aliyeninong'oneza, kwamba kwao baba mkwe haingii mahali anapolala mke wa mwanawe. Angepanda boti lolote la kuvulia bila kufikiri. Hili miguu yake ilikuwa imelikataa.

"Mnaona?" shangazi alisema, na sauti yake haikuwa kali tena. "Mzee mwenyewe amejibu. Hii ni nyumba. Odhiambo amejenga mbele ya Ouma."

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mmoja alisema maji si ardhi. Mwingine akasema paa ni paa. Kama ni nyumba, Odhiambo amemruka kaka yake, na Ouma hawezi kujenga mpaka jambo lile lisafishwe. Kama si nyumba, hakuna kosa. Ndipo mzee alipoinua fimbo kuelekea kwangu.

"Huyu ni ndugu ya bibi, na amelala ndani," alisema. "Mkwe, utuambie. Ni nyumba ama si nyumba?"

Mniwazie nilivyokuwa. Nikisema si nyumba, Odhiambo anapona mbele ya ukoo wake, lakini mimi nimeagizwa na baba nimchukue Robi na mtoto nirudi nao. Nikisema ni nyumba, ndoa ya dada yangu inasimama, na mumewe anakuwa mtu aliyevunja mwiko. Nilimtazama Robi, naye alinitazama bila kunionea huruma.

"Sema ulichokiona," aliniambia kwa lugha yetu.

"Ni nyumba," nikasema. "Nimekula humo, nimenyeshewa nje nikaingia ndani nikakauka. Dada yangu ameolewa."

Odhiambo alifumba macho. Nilidhani nimemwua. Mzee alifikiri kidogo, akawauliza wazee wawili jambo, kisha akatoa shauri. Paa lishuke kabla ya jua kuzama, ili asiwepo mdogo mwenye nyumba. Kesho Ouma ajenge. Baada yake Odhiambo yuko huru, na nyumba yake atakuwa ameijenga kwa zamu yake.

Odhiambo alipanda mwenyewe. Aling'oa misumari polepole, akiinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo na kuitia mkebeni. Nilipanda kumsaidia, lakini Ouma akanitangulia, akavua kofia yake ya pwani, akashika upande wa pili wa bati.

"Omera, ndugu yangu, ni mimi nilichelewa," alimwambia mdogo wake. "Si wewe ulikimbia."

Wakashusha bati la kwanza pamoja. Mimi nilishuka nikakaa mchangani, na kwa kila bati lililoshuka nilihisi ni kwangu panapobomolewa.

Nchi kavu

Siku iliyofuata Ouma alijenga. Kwa desturi yao mwanawe mkubwa alitangulia na jogoo, mzee akafuata na shoka, na nyumba ya miti na udongo ikasimama siku ile ile, watu wengi wakiukanyaga udongo kwa miguu huku wakitaniana. Mbuzi wangu aliliwa, na sitasema kwamba nililia. Tulikula kuon, ndio ugali wao, pamoja na ngege wakubwa, na shangazi akanipa kichwa cha samaki kwa heshima, ambacho nilikitazama nacho kikanitazama.

Tulipomaliza kula tulikaa watatu karibu na boti lililo wazi, mimi, Robi na Odhiambo. Mabati yalikuwa yamepangwa ufukoni.

"Sasa tulirudishe paa," nikasema kwa furaha. "Zamu yenu imefika, hakuna wa kuwauliza. Nitakaa nisaidie. Tutapanda sukuma nyingine."

Robi alicheka. "Kaka, wewe si ulikuja kunitoa humo?"

"Nilikuwa sijaona."

"Umeona ukiwa mgeni," alisema, akaacha kucheka. Alibadili akaongea Kiswahili, ili mumewe asikie. "Mimi tangu Akinyi aanze kutambaa sijalala usingizi wa kweli. Maji ikigonga ubao vibaya, naamka, nashika mtoto. Nikiota, naota ameanguka. Haya maisha ni mazuri, sikatai. Tulikula vizuri, tulisaidiana. Lakini mimi nilikuwa nangoja."

Odhiambo alimtazama kana kwamba amemkuta mtu mpya. "Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungemruka kaka yako?"

Muda wote ule niliokuwa nikivipenda vitu vya Robi, lile pipa, ule mtungi wa mchanga, majivu yale, yeye ndiye aliyekuwa akivibeba. Nilikuwa nimeyasikia maneno yake yote isipokuwa lile alilolirudia, 'tunaishi'. Niliona uchungu, na pia niliona hasira, sijui kwa nani.

Walijenga mara tu ukoo ulipopumzika. Mbao za boti ziliingia kwenye mlango na kitanda, mabati yakapanda juu ya kuta za udongo. Pipa likawekwa chini ya mfereji ule ule, kwani Robi hakukubali hata tone lipotee. Maboti mawili yakatenganishwa, na Odhiambo akasema atayatengeneza yavue tena. Nilipoona mwanga kati ya maboti yale, niligeuza uso.

Asubuhi ya kwanza ndani ya nyumba ile jua lilipanda, kuku wakatoka, shangazi akaja na maziwa, na Robi alikuwa hajaamka. Tulikaa nje tukingoja. Odhiambo aliwafukuza kuku wasipige kelele karibu na mlango. Jua lilifika juu ya Asego, uji ukapoa, na shangazi mwenye sauti kali akaongea kwa kunong'ona. Hakuna aliyemwamsha. Alipotoka hatimaye, uso umevimba kwa usingizi, alituomba radhi, nasi sote tukajifanya tumefika sasa hivi.

Alinisindikiza hadi barabarani siku ya kuondoka kwangu. Sura mliyoniona nayo nilipofika hapa ilikuwa ya kuliaga boti, kwani hata leo mvua ikigonga bati najikuta nasikiliza kama maji yako chini yangu. Pale barabarani nilimuuliza nimpelekee baba ujumbe gani, maana mzee angetaka kujua kwa nini nimerudi mikono mitupu.

Robi alifikiri, akamhamisha Akinyi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

"Mwambie nimefika," alisema.